Sura ya Mwisho Iliyogeuka Kola

Kila siku baada ya shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu kabla hajaruhusiwa kufungua kitabu: kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, kuokota pini sakafuni kwa sumaku, na kupanga vifungo makoponi kwa ukubwa wake. Kazi zenyewe hazikuwa za kuvunja mgongo, lakini yeye alizifanya huku akilalamika kama mtu aliyetwishwa gunia, na mdomo wake haukutulia hata dakika moja. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye daftari la mahudhurio tu.

Alifanya kazi hizo katika chumba cha ushonaji chenye mlango wa buluu, nacho kilikuwa cha shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu ana miaka mitatu. Shangazi alikuwa fundi hasa. Kola yake ilikaa shingoni bila kukunjamana hata ikifuliwa mwaka mzima. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo tangu utotoni kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo alichechemea, na wakati wa kupima watu alikuwa na tabia ya kubana pini midomoni na kusemea pembeni mwa mdomo.

"Shangazi, siku moja utameza pini hizo," Chiriku alimwambia.

"Nikimeza, angalau nitanyamaza. Wewe hata umeze sindano utaendelea tu kusema."

Shangazi alikuwa pia na namna yake ya kukata nguo. Hakununua karatasi ngumu dukani. Alichukua kurasa za madaftari yaliyokwisha, akazibandika nne nne kwa uji mzito wa unga, akazianika dirishani mpaka zikakauka kama ubao, kisha akakata humo mifano ya kola, ya mifuko na ya mikono ya shati. Mifano hiyo aliitundika ukutani kwenye misumari. Chiriku ndiye aliyemletea madaftari hayo, yake na ya wenzake, na ilikuwa desturi yao kwamba karatasi ikiachwa juu ya meza ya kukatia, hiyo ni ya kubandikwa.

Sasa, muhula ule darasa la sita, alimosoma Chiriku, lilikuwa limechanganyikiwa kwa sababu ya kitabu. Kilikuwa riwaya ya kutisha kuhusu Fundi wa Vivuli, kizee kilichoishi msituni katika nyumba isiyo na madirisha. Kilikata vivuli vya watoto kwa mkasi wa fedha na kuvishona pamoja kuwa joho. Mtoto aliyekatwa kivuli alisahauliwa. Hata mama yake akipakua chakula, sahani yake hakuikumbuka. Msichana mmoja akaenda msituni kukitafuta kivuli cha mdogo wake. Basi hapo ndipo watoto walipokuwa wakikaa ukingoni mwa madawati wakiuma kucha.

Nakala ilikuwa moja tu, nayo imechakaa, uzi wa mgongoni umeoza. Mwalimu wa maktaba, mzee mmoja mkali kwa sauti lakini laini kwa moyo, alimchagua Chiriku awe msomaji. Akipeleke kitabu nyumbani, aandae sura moja, na kila Ijumaa kipindi cha mwisho awasomee wenzake. "Hizi kurasa zinachomoka," mwalimu alimwonya. "Kifunge kwa kamba hii kila umalizapo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Kusikia alisikia. Kamba yenyewe ilifunga kitabu siku mbili, ya tatu ikafunga nywele zake.

Jumatano ya wiki ya mwisho ya kitabu hicho alikuwa amejilaza juu ya lundo la vitambaa akiirudia sura ya kumi na moja, mdomo wazi, hana hili wala lile. Kitabu alikuwa amekipitisha juu ya meza ya kukatia wakati wa kuingia, na kurasa za nyuma zilikuwa zimechomoka bila yeye kujua. Shangazi, ambaye bila miwani aliona maandishi kama wadudu tu, akaziinua.

"Chiriku, karatasi hizi ni za nini?"

"Tumia tu, Shangazi," akajibu bila kuinua kichwa.

Shangazi akatumia.

Alhamisi, Chiriku alipofungua kitabu aandae sura ya kumi na mbili, alikuta jalada la nyuma tu. Akageuza nyuma, akageuza mbele, akakitikisa. Hatimaye akainua macho ukutani. Pale, kwenye msumari wa tatu, ilining'inia kola mpya ya mtoto wa darasa la kwanza, imekauka vizuri, na juu yake mstari mmoja uliosomeka nusu: "akainua mkasi, na yule msichana aka". Basi. Yaliyobaki yalikuwa ndani ya uji wa unga, au yalikuwa yamefagiwa na yeye mwenyewe muda mfupi uliopita.

Angeweza kumwambia shangazi yake. Angeweza kumwambia mwalimu. Njia zote mbili zilikuwa wazi, tena fupi. Lakini alifikiria uso wa mwalimu, akafikiria msomaji mwingine akichaguliwa muhula ujao, akaona afadhali anyamaze, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza maishani.

Ijumaa mambo yalimwangukia vizuri, au niseme vibaya. Mwalimu wa maktaba aliitwa mkutanoni. Chiriku alisimama mbele ya darasa, akafungua kitabu kwenye jalada la nyuma, akakiinamisha kuelekea kifuani ili wasione, akaanza kusoma hewa.

Mwanzoni aliyatafuta maneno. Kisha akaona macho arobaini yamemkodolea, na kichwa kikavimba. Maneno yakaja yenyewe. Yalitoka wapi? Yalitoka pale pale alipokuwa akiishi, kwa kuwa uongo wa haraka huokota vilivyo karibu. Akasoma kwamba Fundi wa Vivuli hakufa. Alichomwa sindano kisiginoni, akatoroka msituni akichechemea mguu wa kushoto. Akafika katika mji wenye shule, akapanga chumba chenye mlango wa buluu. Akatundika utepe wa kupimia shingoni, akabana pini midomoni, akangoja. Na watoto waliletwa kwake na mama zao wenyewe. Walidhani anawapima mabega, kumbe anapima kivuli.

Darasa likawa kimya kama maji ya mtungini. Kisha Monita, msichana mrefu aliyekuwa kiongozi wa darasa, akasema kwa sauti ndogo, "Chiriku… huyo si kama shangazi yako?"

Hapo ndipo penyewe. Angecheka tu, hadithi ingekufa palepale. Angesema, "Jamani, natania, kurasa zimepotea." Lakini kimya kile kilikuwa kitamu mno. Hakuwahi kunyamazisha watu namna ile. Akafunga kitabu polepole, akasema, "Mimi nimesoma tu kilichoandikwa."

Mambo ya midomoni watu huyapuuza. Lakini ya kitabuni! Kufika Jumapili, kila mwenye mdogo wake alikuwa amemsimulia, na kila aliyesimulia alikuwa ametia chumvi yake.

Wiki iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kupima sare. Kila mwaka shule ilimpa Shangazi kazi ya kuwashonea watoto wapya wa darasa la kwanza, na kazi hiyo ndiyo iliyolishikilia duka mwaka mzima. Vitambaa vya shule vilikuwa vimeshaletwa, majora matatu ya buluu nzito, yamesimama kwenye kona. Shangazi alikuwa amefagia mara mbili na kuweka benchi nje kwa ajili ya foleni.

Foleni haikuja. Watoto walikuja wawili watatu, wakiburutwa, wengine wakilia kabla ya kufika mlangoni. Wale wa njiani waliambaa ukuta wa upande wa pili, mmoja nyuma ya mwingine, vivuli vyao visije vikagusa kizingiti. Shangazi aliwatazama akacheka. "Leo wana mchezo gani hawa?"

Chiriku alikuwa akipanga vifungo. Kwa mara ya kwanza alivipanga bila neno.

Jumatano alikuja Mama Maziwa, mama mmoja wa mtaani aliyeuza maziwa nyumba kwa nyumba, amemshika mkono kitindamimba wake. Mtoto huyo aliitwa Kibogoyo kwa kuwa meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka yote kwa pamoja. Shangazi alipoinuka na utepe wake, pini midomoni, Kibogoyo alipiga ukelele ambao uliwatoa watu madukani. Akajichomoa, akakimbia, akajikwaa kizingitini, akaangukia kidevu. Damu ikatapakaa shati zima.

"Umemfanya nini mwanangu?" Mama Maziwa alifoka.

"Sijamgusa hata kidogo, dada. Ndiyo kwanza nainuka."

"Mbona anakuogopa hivi? Mtoto haogopi bure!" Akamnyanyua mtoto, na kabla ya kuondoka akautazama mguu wa Shangazi kuanzia gotini hadi chini. Shangazi aliuona mtazamo ule, na Chiriku alimwona Shangazi akiuona.

Tangu siku ile Shangazi alibadilika. Pini alizitoa midomoni, akazichomeka kwenye mto mdogo. Akashona sketi ndefu ya kuburuza chini. Akanunua peremende akaziweka kwenye bakuli karibu na mlango, akawa anatabasamu kila mtoto akipita, tabasamu la kujilazimisha mpaka mashavu yanamuuma. Peremende ziliyeyuka ndani ya karatasi zake. Na kutoka ng'ambo ya barabara sauti ndogo zikaita, "Fundi wa Vivuli! Fundi wa Vivuli!" kisha miguu ikakimbia.

"Chiriku," Shangazi akauliza jioni moja, "wewe u mtu wa maneno, habari zote za shule unazo. Hawa watoto wananiita nini?"

"Sijui, Shangazi."

"Hujui?"

"Sijui kweli."

Shangazi hakuuliza tena. Naye Chiriku akajiambia kwamba watasahau, kwamba watoto ni watoto, kwamba wiki ijayo watapata kitu kingine. Alijiambia hivyo kila asubuhi mpaka Mwalimu Mkuu alipofika dukani mwenyewe, amevaa uso wa mtu aliyekuja kwa shingo upande.

"Fundi, kazi yako naijua, sina neno," alisema. "Lakini watoto arobaini, waliopimwa ni saba. Wazazi wamekuja ofisini. Siwezi kufungua muhula na watoto hawana sare. Kamati imeamua tuwape mafundi wa mtaa wa pili."

"Mwalimu, miaka kumi na moja nimewashonea. Kuna kosa lolote?"

"Hakuna kosa. Ndiyo inaniuma."

"Basi ni huu mguu," Shangazi akasema.

Mwalimu Mkuu aliinamisha macho. Alikuwa hajui, na kwa kuwa hajui, hakukataa.

Majora yalitakiwa kurudishwa siku hiyohiyo. Mkokoteni ukasimama nje. Shangazi hangeweza kubeba mzigo mzito, kwa hiyo Chiriku ndiye aliyeyabeba, moja moja, begani, kutoka konani hadi mkokotenini. Mara tatu alipita mbele ya Shangazi na Mwalimu Mkuu. Mara tatu maneno yalimfika kooni. Mara tatu akayameza. Mimi ninayewasimulia namhurumia mtoto huyu, lakini kwa hilo la majora sina la kumtetea.

Kesho yake alirudi kutoka shuleni mapema, saa ya mchana, walimu wakiwa na kikao. Mlango wa buluu ulikuwa umerudishwa. Alipochungulia alimwona Shangazi katikati ya chumba peke yake. Alikuwa amekunja kitambaa mara nyingi akakiweka ndani ya kiatu cha kushoto, na alikuwa akitembea kutoka ukuta huu hadi ule, polepole, mikono imetanuliwa, akijaribu kutochechemea. Alifika ukutani, akageuka, akajitazama kwenye kioo cha wateja. Kiatu kikamteleza. Akashika meza asianguke. Akafuta uso kwa utepe wa kupimia, akaanza upya.

Chiriku alisukuma mlango akaanguka magotini.

"Shangazi, si mguu. Ni mimi."

Alisema yote. Kamba iliyofunga nywele, kurasa, "tumia tu", kola, jalada la nyuma, mlango wa buluu, "nimesoma tu kilichoandikwa". Alisema bila pambo wala chumvi, na ilikuwa hadithi fupi kuliko zote alizowahi kusimulia.

Shangazi alikaa kwenye kigoda. Chiriku alingoja kofi. Alilitamani hasa, kwa sababu kofi lina mwisho. Halikuja.

"Wiki tatu," Shangazi akasema mwishowe, "nimeuchukia mguu wangu. Nilipokuwa mdogo kama wewe niliuchukia hivyohivyo. Ilinichukua miaka mingi kupatana nao, Chiriku. Tulikuwa tumeshapatana." Akavua kile kiatu, akatoa kitambaa, akakikunjua juu ya goti. "Nilikuuliza. Nilikuuliza hapahapa, ukanitazama."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nitakusamehe. Leo sina nguvu hizo. Kesho utasema mbele ya watu wote ulionisemea."

Na alisema. Alisimama mbele ya shule nzima mkutano wa asubuhi, kola ya karatasi mkononi, akaonyesha maandishi yake, akaeleza kwamba mwisho ule aliutunga yeye na kwamba shangazi yake hakuwahi kumdhuru mtoto yeyote. Wakubwa walimzomea. Wadogo walimtumbulia macho. Mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha kidole akauliza, "Lakini si anachechemea kweli?" Ikabidi Mwalimu Mkuu aeleze habari za ugonjwa wa mguu, na alieleza kwa sauti ya mtu anayejionea haya, kwa kuwa pale dukani alinyamaza.

Mwalimu wa maktaba alimwita pembeni. Chiriku alidhani atasikia ukali wake maarufu. "Ungeniambia ile Alhamisi," mzee alisema, "ningekukemea mpaka Ijumaa, na Jumatatu tungekuwa tumesahau wote wawili. Kurasa sita tu, mjukuu wangu. Kurasa sita!" Akatikisa kichwa. Kisha akaazima nakala nyingine shule ya jirani, akamtaka Chiriku asome sura ya kumi na mbili ya kweli, naye mwenyewe akiwa amekaa nyuma ya darasa.

Mwisho wa kweli ulikuwa mpole. Msichana yule aliushika uzi mmoja wa lile joho, akauvuta, joho lote likafumuka, na kila kivuli kikarudi kwa mwenyewe. Chiriku aliposoma neno la mwisho, hakuna aliyeuma kucha.

"Ndiyo hivyo tu?" Monita alinong'ona. "Ule wako ulikuwa mtamu zaidi."

Kabla ya hayo yote, maneno hayo yangemfurahisha mwezi mzima. Sasa yalimchoma. Akaketi, akalaza kichwa juu ya dawati.

Sare za mwaka ule zilishonwa mtaa wa pili, kwa kuwa vitambaa vilikuwa vimeshakatwa. Mwalimu Mkuu aliahidi kwa barua kwamba mwaka ujao kazi itarudi kwa mwenyewe. Hadi hapo Shangazi alichukua kazi ya kupinda mashuka ya nyumba ya wageni, mamia kwa mamia, mishono iliyonyooka isiyo na kola wala mfuko, kazi ambayo hata mwanafunzi angeifanya. Chiriku alimsaidia kila siku hadi jua kuzama, na hakulalamika.

Mama Maziwa alikuja baada ya mwezi mmoja, Kibogoyo akiwa nyuma yake, kidevu kina kovu.

"Fundi, nimekuja kukuomba radhi. Nilikutazama vibaya, nami ni mtu mzima."

"Yameisha, dada. Karibu. Kijana anataka nini?"

"Kaptura."

Shangazi alichukua utepe, akapiga hatua mbili, akasimama. Kibogoyo alikuwa ameng'ang'ania sketi ya mama yake.

"Nimemwambia mara nne kwamba ni uongo," Mama Maziwa alisema kwa haya. "Anasema amesikia. Lakini ona."

Shangazi hakusogea zaidi. Alimpa Chiriku utepe. Kisha akarudi nyuma hadi ukutani, akakaa kwenye kigoda, akaweka mikono mapajani kama mgeni katika duka lake mwenyewe.

"Mpime wewe," alisema. "Anza na kiuno. Usimbane."

Chiriku alipima. Mtoto alisimama wima, lakini macho yake yalipita juu ya bega la Chiriku, yakabaki kwenye kile kigoda mpaka kazi ilipokwisha.

Walipotoka, Chiriku alilia kwa sauti. "Wataacha lini kuogopa, Shangazi?"

"Sijui. Wengine kesho. Wengine labda wakishakuwa na watoto wao." Shangazi alimvuta karibu, mara ya kwanza tangu siku ile. "Ukweli umeusema, na ulifanya vyema. Wako watu wazima, ndevu hadi kifuani, ambao hawajawahi kusimama mbele za watu namna ile. Lakini usidhani ukishasema kweli, uongo unafunga virago siku hiyohiyo. Unabaki kwa watu, na wewe huna ufunguo wa kuingia kuutoa. Ndiyo maana mwenye akili hukubali kukemewa mapema, kosa likiwa bado la karatasi. Likishamfikia mtu, hata akikusamehe, halirudi kuwa karatasi tena. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Shangazi."

"Haya, nipe vipimo."

Chiriku alimsomea. Kiuno, nyonga, urefu wa nje. Shangazi alisikiliza, akakunja uso.

"Na paja?"

Paja alikuwa amelisahau. Shangazi alinyanyuka nusu, akatazama nje ambako Mama Maziwa na mtoto wake walikuwa bado wanaonekana mbele ya duka la vyombo, kisha akaketi tena.

"Kimbia uwawahi," akasema. "Nikitoka mimi, atakimbia."

Chiriku alichukua utepe, akatoka.